Mwanafunzi Wangu wa Mwisho

Nimefanya kazi ya ualimu kwa miaka 36, na kati ya hiyo miaka 17 nilikuwa mkuu wa shule. Nilipostaafu mwaka 2009 nilidhani kazi ya kufundisha nimeikabidhi pamoja na funguo za ofisi. Kumbe alikuwapo mwanafunzi mmoja aliyekuwa bado njiani. Alikuja nikiwa na umri wa miaka 72, akiwa na miguu minne na mkia, na somo nililotakiwa kumfundisha lilikuwa moja tu: kwenda choo mahali panapostahili.

Najua msomaji atatabasamu. Majirani zangu walicheka waziwazi. Huku kwetu Njombe mbwa ni mlinzi. Hulala nje, hula mabaki, na haja zake huzimalizia anakojua mwenyewe. Mzee mmoja tunayesali naye aliniuliza, "Mwalimu, umemaliza watoto wa watu, sasa umehamia kwa mbwa?" Nikamjibu kwamba shule haifungwi kwa kukosa wanafunzi. Lakini moyoni niliona haya kidogo.

Mambo yalianza hivi. Mama watoto alifariki mwaka 2019, na nyumba ikawa kimya mno. Mwezi Juni 2021 binti yangu, ambaye alikuwa amepata nafasi ya masomo Dar es Salaam, aliniletea mwanawe nikae naye. Mjukuu huyo alikuwa na miaka saba. Wiki ileile jirani akampa kijibwa cha kienyeji cha umri wa wiki nane, cheusi, chenye kidoti cheupe kifuani. Mtoto akakiita Popi. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni baridi yake haina mzaha. Usiku wa kwanza Popi alilia nje mpaka mjukuu naye akaanza kulia. Nikasema haya, na alale ndani, jikoni, kwa wiki mbili tatu mpaka apate nguvu.

Asubuhi yake nilikanyaga nilichokanyaga. Siku hiyo nilihesabu madimbwi matatu na marundo mawili, moja likiwa juu ya zulia alilolinunua marehemu mke wangu kwa fedha yake ya vitunguu.

Nilitumia mbinu niliyoijua. Nilimshika Popi shingoni, nikampeleka mpaka kwenye kosa lake, nikamsogeza pua, nikampiga kwa fimbo nyembamba, nikamtupa nje. Ndivyo baba yangu alivyofanya, na ndivyo karibu kila mtu ninayemjua anavyofanya. Nilirudia hivyo kwa siku sita. Siku ya saba sikuona dimbwi hata moja. Nikajisifu mbele ya mjukuu: "Umeona? Nidhamu." Jioni, nikitafuta miwani yangu iliyoanguka nyuma ya kochi, nikayakuta yote huko. Mbwa alikuwa amejifunza vizuri sana. Alikuwa amejifunza kwamba mzee huyu ni hatari ukijisaidia mbele yake, kwa hiyo tafuta pahali asipoona. Hata nilipomtoa nje alikaa akinitazama bila kufanya lolote, akashika mkojo wake mpaka nilipogeuka.

Kesho yake alikuja bwana mifugo wa kata, kijana mpole, kumpa Popi dawa ya minyoo. Nilimweleza mkasa wangu nikitegemea atanionea huruma. Badala yake aliniuliza, "Shikamoo tena mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Unapompiga, anakuwa amejisaidia muda gani uliopita?" Nikamwambia pengine nusu saa, pengine saa nzima. Akasema, "Basi hajui anapigwa kwa nini. Mbwa huunganisha tendo na jambo linalofuata papo hapo. Nusu saa ikipita, kwake ni habari nyingine kabisa. Ile sura ya kujutia unayoiona si kujuta, mwalimu. Anakuogopa."

Ndugu msomaji, maneno yale yalinichoma kwa sababu moja: niliyajua. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwaka 1971 na 1972, tulisoma saikolojia ya elimu mpaka tukaikariri. Tulisoma habari za Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, na mbwa wake waliotokwa na mate kabla hata chakula hakijafika mdomoni. Tulisoma habari za Edward Thorndike wa Marekani, aliyewafungia paka katika masanduku ya mafumbo na mwaka 1898 akaandika jinsi wanavyojifunza kutoka. Alisema kwamba tendo linalofuatwa na jambo jema hujirudia. Mwanzoni alidhani adhabu nayo hufuta tendo kwa nguvu ileile. Katika miaka ya 1930 aliirekebisha kauli yake mwenyewe, baada ya kuona kwamba adhabu haina nguvu hiyo. Mambo haya niliyajibu katika mtihani nikapata alama nzuri. Kisha nikaondoka chuoni na cheti changu cha Daraja la A katika mkono mmoja, na fimbo katika mkono wa pili.

Hata shule ya maisha ilikuwa imenifundisha jambo lilelile. Kituo changu cha kwanza cha kazi nilikipata mwaka 1973, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana wa leo hawaifahamu. Serikali iliendesha mafunzo ya afya kwa redio nchi nzima, na watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kufyeka vichaka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi kimoja. Katika kijiji kile niliona vyoo vya aina mbili. Kulikuwa na choo kilichochimbwa kwa kuogopa mkaguzi: shimo safi, mlango mzuri, na ndani hakuna hata nyayo, maana wenyewe waliendelea kwenda mgombani. Na kulikuwa na choo cha mtu aliyekaa kikundini akaelewa jinsi minyoo inavyotoka kinyesini ikaingia tumboni mwa mwanawe. Cha huyo kilikuwa na njia iliyokanyagwa mpaka ikang'aa. Nyuma ya kochi langu Popi alikuwa amenijengea choo cha mkaguzi.

Basi nikaanza upya. Nitaeleza tulivyofanya, maana huenda yupo msomaji mwenye taabu kama yangu.

Kwanza tulijifunza kujua mwili wa mwanafunzi wetu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili hivi. Wa miezi mitatu aweza kufika saa tatu. Kumdai zaidi ya hapo ni kumdai asichonacho. Tena haja zake zina nyakati zake: akiamka usingizini, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Tumbo likipokea chakula, utumbo huamka, na kati ya dakika tano na nusu saa atatafuta pahali. Akianza kunusanusa sakafu na kuzunguka, amekwisha kunyosha kidole kuomba ruhusa ya kutoka. Kazi ya mwalimu ni kukiona kidole.

Pili tukaweka ratiba. Chakula mara tatu kwa siku kwa saa zilezile, kwa sababu kinachoingia kwa wakati hutoka kwa wakati. Maji tulimwachia mchana kutwa. Tulimtoa nje saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kila mlo, baada ya kila usingizi, saa tatu usiku kabla ya kulala, na saa nane usiku wa manane. Zamu ya saa nane ilikuwa yangu. Nilivaa koti langu la zamani la kijeshi nililopewa na shemeji, nikambeba Popi mikononi ili asikojoe njiani.

Tatu tukachagua mahali pamoja, chini ya muwati ulio pembeni mwa ua, mbali na kisima na mbali na matuta ya mboga. Kila mara tulimpeleka hapohapo. Mbwa husoma kwa pua, na harufu yake ya jana humkumbusha kazi ya leo. Kwa sababu hiyohiyo, alipokosea ndani tulisafisha sakafu kwa maji na sabuni, kisha tukapitisha siki. Zulia lilifuliwa mara tatu, nikalikunja, nikaliweka juu ya kabati mpaka mwanafunzi afaulu.

Nne, na hili ndilo lililokuwa gumu kwangu, tulimsifu. Alipomaliza tu haja yake chini ya muwati, palepale, mjukuu alimwambia "Vizuri, Popi!" na kumpa kipande cha dagaa. Tusingengoja mpaka kurudi ndani, kwani hapo angedhani anasifiwa kwa kurudi. Mimi, mtu mzima niliyekuwa nikitoa hotuba mbele ya wazazi, nikajikuta saa nane za usiku, mvuke ukinitoka mdomoni, nikimwambia mbwa "vizuri, mwanangu" kwa sababu amekojoa. Na alipokosea ndani? Nikimkuta katikati ya tendo, nilipiga makofi mara moja kumshtua kidogo, nikambeba nje amalizie. Nikikuta yameshakwisha, nilisafisha nikanyamaza. Fimbo niliiegemeza kwenye mgomba, ikawa nguzo ya maharage.

Kinyesi chenyewe tulikizoa kila siku kwa jembe na kukifukia katika shimo refu. Bwana mifugo alitusisitizia hili. Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa na minyoo ya duara waliyoipata kwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo yakitoka na kinyesi huhitaji wiki mbili tatu katika udongo ndipo yawe na uwezo wa kuambukiza, na mtoto wa binadamu akiyala kwa mikono michafu, viluwiluwi vyake vyaweza kumdhuru hata macho. Ukizoa mapema umekata mzunguko. Ndiyo maana kinyesi cha mbwa hakifai kuwa mbolea ya mboga, ingawa cha ng'ombe twakitumia. Popi alipewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili, na alipotimiza miezi mitatu akachanjwa kichaa cha mbwa.

Mjukuu wangu alitunza daftari. Alichora mstari katikati: upande mmoja alama za pata, upande wa pili alama za kosa. Wiki ya kwanza ya utaratibu mpya ilikuwa na makosa 19. Ya pili 11. Ya tatu 6. Wiki ya tano, kosa moja, na hilo lilikuwa langu, kwani nilipitiwa na usingizi.

Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa habari ya mbwa tu. Lakini asubuhi moja ya Agosti niliingia chumbani kwa mjukuu kutafuta taa, nikakuta shuka limekunjwa na kusukumwa nyuma ya sanduku. Lilikuwa limelowa. Nyuma yake kulikuwa na shuka la pili, limeshaanza kunuka. Nyuma ya sanduku, ndugu msomaji, kama nyuma ya kochi.

Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni na Popi miguuni pake. Tulitazamana. Kisha akasema polepole, "Babu, siku hizi Popi akikosea humchapi." Akanyamaza. "Na mimi je?"

Sikuweza kumjibu mara moja, kwa sababu katika macho yale nilimwona mtoto mwingine.

Mwaka 1994, katika shule ya bweni niliyokuwa mkuu wake, alikuja kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa akikojoa kitandani. Nilikuta desturi pale shuleni kwamba kikojozi hulibeba godoro lake kichwani asubuhi, hupita nalo mbele ya mstari wa wanafunzi wote, hulianika uwanjani, ndipo aende darasani. Sikuianzisha mimi. Lakini niliiona, nikaikubali, na kwa kijana huyu niliiamuru kwa kinywa changu. Nilisema haya itamkomesha. Wenzake walimwimbia ule wimbo ambao watoto wote wanaujua. Alibeba godoro lile wiki saba. Wiki ya nane hakuonekana. Baadaye baba yake alikuja kuchukua sanduku lake, akanisalimu kwa heshima, hakuuliza kitu, akaondoka. Niliandika katika rejesta neno "mtoro".

Leo najua nisiyotaka kuyajua wakati ule. Kati ya watoto mia wa miaka saba, watano hadi kumi bado hukojoa kitandani, na wachache huendelea mpaka ujanani. Mara nyingi ni jambo la ukoo: baba alikuwa hivyo, au mama. Wengine mwili wao huchelewa kupunguza mkojo wakati wa usiku, na usingizi wao ni mzito kiasi kwamba kibofu kikiita hawasikii. Hapo mtoto amezidiwa hata na mbwa wangu kwa kutokuwa na hatia. Popi alikuwa macho alipolowesha zulia. Mtoto amelala. Huwezi kumwadhibu mtu kwa jambo alilolitenda usingizini, wala kwa haki huwezi kumnyima zawadi kwa ajili yake. Waweza kumsaidia na kungoja.

Nikampigia magoti mjukuu wangu, magoti yangu mabovu, nikamwambia, "Wewe pia sitakuchapa. Wala hutaficha shuka tena. Ukilowesha utaniambia, tutafua pamoja, basi." Nikatandika nailoni chini ya shuka lake. Maji akayanywa kwa wingi mchana na kidogo usiku, chai ya jioni tukaiacha, na kabla ya kulala akaenda chooni bila kukosa. Nilimpeleka pia kwa daktari kuhakikisha hakuna ugonjwa wa mkojo, na hakukuwapo. Nilipomweleza binti yangu kwa simu, alikaa kimya kisha akasema, "Baba, hata mimi nilikuwa hivyo mpaka darasa la nne. Mama alinificha usijue." Miaka yote ile mke wangu alifua shuka alfajiri kabla sijaamka, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa kuniogopa.

Desemba ya mwaka ule nilipanda basi kwenda Makambako. Mwalimu mwenzangu wa zamani alikuwa ameniambia kwamba kijana yule ana duka la vifaa vya ujenzi huko. Nilimkuta akipima misumari kwenye mizani. Amekuwa mtu mzima, ana mvi mbili tatu. Alinitambua mara moja. "Shikamoo mwalimu," akasema. Akanipa kiti na soda.

Nikamwambia nilichokwenda kusema, kwamba nilimkosea na kwamba nimekuja kuomba radhi. Hakuacha kupima. Alimaliza kilo ile, akaifunga kwenye gazeti, akampa mteja chenji. Ndipo akasema, "Nilipofika nyumbani nililala chini, kwenye mkeka, mpaka nikawa na miaka kumi na sita. Siku moja nikaamka nimekauka. Hakuna aliyenifanya chochote, mwalimu. Iliisha yenyewe." Tukakaa. Baadaye akaniuliza kama nina nauli ya kurudia, nikasema ninayo. Akanisindikiza mpaka stendi, akanibebea mwamvuli. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nimewahi kuitumia methali hiyo katika hotuba nyingi, nikiwa namfikiria mtoto kama samaki na mimi kama mkono. Siku hizi naona kwamba hata samaki mkavu aweza kukunjika, akilowekwa vya kutosha.

Popi sasa ni mbwa mzima. Hulala nje katika kibanda alichojengewa, na haja zake bado humalizia chini ya muwati, ambao umenenepa kuliko miti yote ya ua wangu. Mjukuu alikauka taratibu, usiku mmoja mmoja, bila daftari. Alipofikisha miaka tisa mambo yalikuwa yamekwisha, naye amerudi kwa mama yake.

Lakini nakumbuka zaidi usiku mmoja wa ule mwaka wa kwanza. Umri wangu nao una mambo yake, na wanaume wenzangu wa rika langu wataelewa: huamka mara mbili, mara nyingine tatu. Saa nane nilitoka na Popi mikononi. Mlango wa chumba ukafunguka, na mjukuu akatoka akipikicha macho. "Babu, nimeamka mwenyewe," akasema. Tukashuka ngazi sote watatu, na umande ulikuwa mweupe juu ya majani. Mmoja akaenda chini ya muwati na wawili tukaenda chooni. Tuliporudi, mtoto alichukua vipande vitatu vya dagaa: kimoja akampa mbwa, kimoja akala yeye, na kimoja akanipa mimi.